Muzigo wa Mama ni Kilo Ngapi?

Mama musomaji, na wewe baba unayesoma nyuma ya bega lake. Vijana pia, musigeuze ukurasa. Habari hii inawahusu kuliko munavyofikiri.

Kwetu, Masisi na Walikale, kila kitu kinapimwa. Koltani ya Rubaya inapimwa. Kasiterite ya Bisie inapimwa. Zahabu inapimwa mpaka ku gramu, na gramu moja ikikosekana, marafiki wawili wanaweza kupigana mbele ya watoto wao. Lakini kuna kitu kimoja ambacho sijaona negosia hata mumoja anakiweka ku mizani: ule muzigo ambao mama anabeba tangu jogoo la kwanza mpaka taa inapozimika.

Siku moja ya soko niliomba ndugu mumoja wa kanisa anikopeshe mizani yake ya kutundika. Tukaifunga ku muti karibu na njia, tukaomba wamama wanaopita wapime mizigo yao. Mama wa kwanza alitoka na kuni: kilo 41. Wa pili alikuwa na mihogo ku mugongo, kamba ikipita ku paji la uso, na mutoto mbele: mihogo kilo 36, mutoto kilo 9. Wa tatu alikataa kabisa. Akasema: "Pasta, ukinitajia hizo kilo, nitashindwa kubeba." Watu wote wakacheka. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa sababu yule wa tatu alikuwa bibi yangu.

Posho mbili kisha pale, yeye alianguka ku chemchemi na bidoni yake. Asubui anafundisha masomo ya musingi, muchana anaenda shamba, siku ya soko anauza unga, na siku ya Mungu anapikia wageni wa kanisa. Ku santre ya afya walimupima damu, wakakuta ni kidogo sana. Muganga hakuniuliza kama tuko na adui ao kama mutu ametuloga. Aliniuliza swali moja tu: "Pasta, mama anakula saa ngapi?"

Sikujua. Miaka 19 ya ndoa, na sikujua.

Basi, ndugu musomaji, haya yote naandika kama mutu aliyeulizwa swali rahisi na akakosa jibu. Mimi si muganga. Lakini nilirudi kwa waganga na maswali mengi, nikaandika majibu yao, na leo ninakuletea.

MUKE WA METHALI 31 ALIKUWA NA WASAIDIZI

Sisi wahubiri tunapenda sana Methali 31, zaidi ku ndoa na siku ya wamama. Tunasimama ku mimbara, tunahesabu kazi za yule mwanamuke: anaamuka usiku, anasokota, ananunua shamba, anauza nguo. Kisha tunageukia wamama wetu: "Nyinyi je?" Nimehubiri hivyo mara nyingi. Lakini soma tena mustari wa 15 polepole. Yule mwanamuke alikuwa na wajakazi ndani ya nyumba. Kazi ilikuwa nyingi, ndiyo, lakini mikono haikuwa miwili tu. Sisi tumechukua kazi ya nyumba nzima ya tajiri, tukaiweka juu ya kichwa cha mwanamuke mumoja wa Nyabiondo ao wa Mubi, halafu tunaita hiyo utakatifu.

Kumbuka pia Eliya ku 1 Wafalme 19. Alikimbia, akachoka, akalala chini ya muti akitaka kufa. Malaika alikuja na mukate na maji, akamuacha alale tena, akamulisha mara ya pili. Usingizi na chakula vilitangulia, ndipo Mungu akasema naye ku mulima. Sisi mama akichoka tunamupa kwanza mahubiri.

DAMU KIDOGO

Ugonjwa huu wa damu kidogo ndio ninaoukuta kila mara ninapotembelea nyumba za waumini, na watu wanauita majina mengi: uvivu, mawazo, uchawi. Uangalie hivi. Simama inje ku mwangaza, vuta kidogo ngozi ya chini ya jicho. Ndani yake panapashwa kuwa pekundu. Kama ni peupe, na viganja pia ni vyeupe, na ukipanda kilima kidogo roho inapiga mbio, usingoje. Enda wakupime. Tena kama unasikia hamu kali ya kula udongo, ule wanaouza sokoni, jua kwamba mara nyingi ni mwili unalilia damu. Udongo wenyewe hautakupa damu. Unaweza hata kukuzuia kuipata, na unaweza kukuingizia minyoo.

Damu inaenda wapi? Inaenda na malaria, inayokula damu kila inapokuja. Inaenda na minyoo midogo inayoingia kwa kupitia miguu mitupu ku matope. Wamama wanaoosha minere ndani ya mito wanasimama muchana wote ndani ya matope yale, basi viatu vya bote si vya kiburi. Inaenda na uzazi wa kufuatana bila nafasi. Na inakosa kurudi kwa sababu ya ile desturi yetu ambayo haikuandikwa mahali popote: baba anakula kwanza, kisha wageni, kisha watoto, na mama anapangusa sufuria.

Sisemi mupike nyama kila siku. Ninajua bei ya nyama Walikale, na ninajua kwamba tangu vita vilipozidi ng'ombe nyingi za Masisi ziliibiwa. Lakini angalia vilivyo karibu. Sombe, lengalenga na maharagi vinasaidia damu. Ndagala ni chakula kikubwa hata kama ni samaki ndogo. Kijiko kimoja cha ndagala za kusaga ndani ya sombe kinabadilisha sahani. Viwavi vya pori la Walikale, ambavyo vijana wa Goma wanavikunjia uso, vina nguvu sawa na nyama. Mafuta ya ngazi yenye rangi nyekundu yanasaidia macho ya mama na ya mutoto, usiyapike mpaka yakawa meupe. Na jambo ambalo mimi sikulijua: chai pamoja na chakula inazuia mwili kupokea ile feri ya mboga. Kunywa chai yako kisha saa moja ao mbili. Pamoja na maharagi kula chungwa, ndimu ao pera, hiyo inasaidia feri kuingia.

Kama uko na mimba, santre inakupa vidonge vya feri na asidi foliki. Vinafanya choo kuwa cheusi, na tumbo linaweza kusumbua kidogo. Usivitupe kwa sababu hiyo. Wengi wanavitupa. Nimevikuta chini ya godoro.

MAMA MWENYE MIMBA NA KARIERI

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni hapa tunazika wamama.

Wazee wa Njingala wanakumbuka vizuri siku za kwanza za Bisie, kuanzia miaka ya 2001 na 2002. Barabara haikukuwa. Mifuko ya kilo 50 ilitoka porini ku mugongo wa watu, safari ya mguu mpaka Njingala, ndipo ndege ndogo zinaipokea ku barabara ya lami kule Kilambo na kuipeleka Goma. Wanaume walibeba kasiterite kutoka. Wamama wengi walibeba chakula, bia na chumvi kuingia. Waliopita njia ile na mimba ya miezi 6 wako kati yetu mpaka leo, na wengine hawako. Leo Bisie iko na kompani kubwa, inayotoa bati tangu 2019, lakini ku mashimo madogo ya Masisi na Walikale mugongo wa mama ungali ndiyo kamio.

Serikali inakagua mashimo na kuyapa rangi: kijani, manjano, nyekundu. Sheria ile ya 2012 inasema shimo ambamo wanakuta wamama wenye mimba ao watoto wakifanya kazi, haliwezi kuwa la kijani. Ni sheria nzuri. Lakini nimeona matokeo yake upande mwingine. Wakaguzi wakikaribia, wamama wenye mimba wanafukuzwa ao wanafichwa; wakaguzi wakirudi, wanaingia tena kwa bei ya chini. Sheria inawaondoa ku shimo, hainawapa chakula cha jioni. Hapo ndipo kanisa lilipashwa kuwa na neno, na mara nyingi tulinyamaza.

Waganga wanasema nini? Mama mwenye mimba anaweza kufanya kazi; si mugonjwa. Lakini kubeba mizito sana, kuinama masaa mengi, na kusimama ndani ya maji baridi muchana kutwa, hayo yapunguzwe tangu mwanzo na yaachwe kabisa miezi ya mwisho. Gawanya muzigo mara mbili. Bidoni ya litre 20 inapima kilo 20. Bidoni mbili za litre 10 si aibu. Chuchumaa kwa magoti unapoinua, usiinamishe mugongo. Na kisha kuzaa, ile desturi ya wazee ya kupumzisha muzazi siku 40 haikuwa ujinga. Mama anayebeba kuni posho moja kisha kuzaa anaweza kusikia tumbo la uzazi likishuka, na wengi wanaficha jambo hilo miaka 10 kwa sababu ya haya. Mama, linatibika. Sema.

Anza CPN mapema, usingoje mimba ionekane. Zamani tuliambiwa mara 4. Tangu 2016 Shirika la Afya la Ulimwengu linashauri mara 8. Ukishindwa 8, enda mara unazoweza. Kule watakupa dawa ya kuzuia malaria ndani ya mimba, mustikeri, dawa ya minyoo, na watapima presha. Na haya hayangoji kesho, hata kama ni usiku, hata kama ni siku ya Mungu: damu kutoka, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, homa kali, kifafa, maji kupasuka bila uchungu kuanza, ao mutoto kuacha kucheza ndani. Uchungu ukipita masaa 12 bila mutoto kutoka, usilale tena ku nyumba ya maombi. Tutaomba njiani. Ni ule uchungu wa siku mbili, tatu unaoleta fistula, mama akaanza kutokwa na mukojo bila kujua. Na yule aliyekwisha kupata ugonjwa huu asijifiche nyuma ya nyumba: HEAL Africa ya Goma na Panzi ya Bukavu, hospitali ya Daktari Mukwege, wamepasua na kuponya wanawake wengi sana wa namna hiyo.

Barabara, ninajua. Kutoka vijiji vingine mpaka hospitali ya Masisi ao ya Walikale ni tipoyi, kisha moto, kisha kizuizi, kisha kizuizi kingine. Juu ya hiyo, panga mwezi wa 8, usipange usiku wa uchungu. Nani atabeba? Moto ni ya nani? Franka ziko wapi? Ku kundi moja la wamama ninalolijua, kila mutu wa likirimba anaacha kidogo ku kisanduku cha uzazi. Hawakopeshi kisanduku kile kwa biashara, hata pasta akiomba. (Aliomba. Walimukatalia.)

VIDONGE VYA MAUMIVU

Hapa niseme kwa ukali kidogo. Ku kila karieri kuna duka ndogo ya dawa, na kila jioni wamama wanapanga mustari: diklo, ibuprofeni, Indocid, wakati mwingine sindano. Wanakunywa tumbo likiwa tupu, kusudi kesho mugongo ukubali tena. Dawa hizo zinaweza kuchoma tumbo mpaka litoe damu, zikizidi zinaharibu figo, na kwa mama mwenye mimba, zaidi kuanzia mwezi wa 5, zinaweza kuumiza mutoto. Parasetamoli ina hatari ndogo kuliko hizo, lakini nayo si bonbo: usipite kipimo ulichoandikiwa. Maumivu ni mulinzi wa usiku. Ukimuziba kinywa kila siku, mwizi anaingia bila kelele.

Neno la zahabu nalo. Wanaochoma merkiri wasifanye hivyo ndani ya nyumba, wala ku sufuria ya chakula, wala karibu na mama mwenye mimba. Moshi wake hauna harufu ya kukuonya, na unapiga ubongo wa mutoto angali tumboni.

MUTOTO WA KUNYONYA

"Pasta, mimi natoka saa 11 ya asubui, narudi saa 12. Mutoto nitamunyonyesha namna gani?" Swali hili niliulizwa na mama muuzaji wa mikate, na sikuwa na jibu. Anfirmye ndiye aliyemuonyesha: nawa mikono na sabuni, kamua maziwa kwa vidole ndani ya kikombe kilichochemushwa, funika, weka mahali pa baridi ndani ya nyumba. Kwa joto la kawaida yanakaa masaa 4 hivi. Dada ao nyanya anamupa mutoto kwa kikombe kidogo, si kwa bibero, kwa sababu bibero ni ngumu kusafisha. Kwa namna hiyo mutoto anafika miezi 6 bila uji na bila maji ya muto. Usiku anyonye sana. Na mama anayenyonyesha anywe maji mengi. Ninajua wamama hawanywi ku karieri kwa sababu hakuna choo chenye mulango, wanafunga mukojo mpaka jioni, na kisha wanapata maumivu ya chini na homa. Wanaume wa komite ya karieri, choo cha wamama chenye mulango ni mbao 12 na nusu siku ya kazi.

Kuhusu kumupeleka mutoto mahali pa kuchimba: hapana. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2026 udongo uliporomoka kule Rubaya na kuua watu wengi, na ndani yao kulikuwa watoto na wamama wauzaji ambao hawakuchimba hata jiwe moja. Walikuwa chini ya kilima tu. Mvua ikinyesha siku mbili kwa kufuatana, meza yako ya mandazi ihame.

MANENO YA NDANI YA NYUMBA

Waganga wanashauri mama akae miaka 2 kisha kuzaa ndipo apate mimba ingine. Namna ya kupanga, mukaulize wote wawili ku santre. Baba asitume bibi yake peke yake kana kwamba ni dawa ya kikohozi. Tena magonjwa ya kambi za karieri yanaingia nyumbani ku miguu ya baba. Mpox ya namna mpya tulijua kwanza kutoka Kamituga, muji wa zahabu, mwaka 2023, na ilipanda mpaka kambi za Goma. SIDA haikuondoka. Mutu aliyetoka karieri miezi 3 apimwe mbele ya kurudi ku kitanda, na akatae kuona haya.

Na kwa dada aliyefanyiwa jeuri njiani: si kosa lako, na kanisa halikufukuzi. Fika hospitali mbele ya masaa 72, kuna dawa za kuzuia SIDA na magonjwa mengine. Dawa ya kuzuia mimba ingali inaweza kusaidia mpaka siku 5. Ukichelewa, enda vilevile. Enda na mutu mumoja unayemuamini. Hauombwi kueleza kanisa lote.

Bibi yangu alipata nafuu kisha miezi 3 ya vidonge. Sasa tunakula pamoja, sahani moja, saa 1 ya jioni, na mimi ndiye ninayempakulia. Mwanzoni mama yangu muzazi hakufurahi. Ku mukutano wa wazee wa kanisa tulikubali pia kwamba wageni wa siku ya Mungu watapikiwa na makundi kwa zamu, na kundi la wababa liwe ndani ya zamu. Ubishi ulikuwa murefu kuliko ule wa kujenga paa.

Siku ya Mungu iliyofuata, shemasi wetu mumoja alitokea njia ya chemchemi na bidoni mbili, moja kila mukono, muke wake akitembea mbele na Biblia tu. Vijana waliokaa ku ukuta walipiga mbinja. Yeye alisimama, akaweka bidoni chini, akapangusa jasho, akaulizia kama ile mizani ingali ku muti.